Kontabilite si kazi ya kukaa karibu na sanduku

Ndugu zetu na dada zetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo, Bunia, Kalemie, Lubumbashi na kila pahali penye mnatusoma ku telefone,

Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, mtaa mzima unapiga kelele, watoto wanamwagiwa poda kichwani, mama wanacheza. Kesho yake poda imeoshwa, na swali linaanza ndani ya nyumba: sasa utasoma nini? Katika nyumba nyingi za miji yetu jibu linakuwa tayari mbele ya mtoto kufungua kinywa. « Soma kontabilite, utafanya ku banki. » « Soma kontabilite, hautakufa njaa. » « Ule yaya wa finance mu ONG, haukuona nyumba yenye anajenga? »

Sisi hatupigane na kontabilite. Tunapigana na sababu zenye zinatupeleka huko. Sababu hizo njo zinatengeneza kontable mwenye inchi itampata kesho, na inchi yetu imekwisha kuumizwa sana na watu wenye kujua kuandika hesabu. Basi tuziseme moja kwa moja, bila kufichana.

Sababu ya kwanza ni sanduku. Wazazi wengi hawasemi « mtoto wangu anapenda hesabu » ao « mtoto wangu ni mwaminifu ». Wanaangalia fasi yenye pesa inapita, kisha wanamsukuma mtoto asimame pale. Wako na methali yao: mbuzi hula pale alipofungwa. Wanaisema na kucheka, lakini si mchezo. Wanamwambia kijana wa miaka 18 kwamba mushahara ni kitu kidogo, chakula chenyewe kiko mu kese yenye atalinda. Mtoto anasikia hiyo kabla hajafungua hata daftari moja ya chuo. Tunashangaa nini akifika ku ofisi na kuanza kula? Tulimfunga pale sisi wenyewe, na kamba tulisuka sisi.

Na ile banki ya ndoto, iko wapi? Goma ilipochukuliwa na M23 mwisho wa Januari 2025, banki zilifunga milango. Wenye mashati meupe walirudi nyumbani. Watu wenye pesa kwenye konti walianza kutafuta makaratasi ya franga kwa wakala wa telefone, na kukatwa sehemu kila mara wanapotoa pesa yao wenyewe. Mtu aliyechagua masomo juu ya jengo zuri lenye klimatizeri alibaki bila jengo. Lakini mtu aliyejua kazi yenyewe bado alihitajika: duka linahitaji hesabu, farmasi inahitaji hesabu, kituo cha afya, ushirika wa kahawa, kanisa, shule, wote wanahitaji hesabu.

Sababu ya pili haisemwi sana, kwa sababu inagusa wenye shule. Juu ya nini Komersiale iko karibu kila mtaa? Elektrisite inaomba atelye. Biokimia inaomba laboratware. Ufundi wa mashine unaomba mashine. Komersiale inaomba ubao, chaki na kitabu kimoja cha namba za konti chenye mwalimu anakopisha. Mwenye shule anafanya hesabu yake, na hesabu yake ni sahihi: kwake hiyo ni sehemu isiyokula pesa. Basi mtoto anafikiri amechagua, kumbe amechaguliwa na mfuko wa mtu mwingine. Wangapi kati yetu tulisoma Komersiale kwa sababu njo shule yenye ilikuwa karibu, yenye minervali baba aliweza kulipa? Hilo si kosa la mtoto. Lakini tusiite hiyo wito.

Sababu ya tatu ni kukimbia. « Mathe-Fizike ni ngumu, wende Komersiale. » Kontabilite imekuwa kambi ya wakimbizi wa hesabu. Hii ni kukosa kujua kazi. Kweli, kontable haandiki ekwesio ndefu ku ubao. Lakini anafanya kitu kinachoomba akili iliyokaa sawasawa: kila franga inayoandikwa upande mmoja lazima iwe na mwenzake upande mwingine, na lazima iseme imetoka wapi na imekwenda wapi. Kisha kuna sheria ya kodi, kuna mikataba, kuna stoku yenye unapaswa kwenda kuhesabu wewe mwenyewe mu depo, na jasho na vumbi. Mwenye kukimbia kazi ngumu amekimbilia kazi ngumu ingine bila kujua.

Sababu ya ine ni ya dada zetu. Msichana anaambiwa: « Wewe ni mwanamuke, tafuta kazi ya kukaa. » Anapelekwa kontabilite sawa vile wanampeleka sekretaria, ili akae mu kese na kutabasamu, huku mwenye kutia sahihi ni mwanaume. Dada, ukichagua kontabilite, usichague kiti. Chagua mpaka kwenye sahihi.

Sasa sikieni kile hawatuambii.

Congo iliingia katika OHADA mu 2012. Kwa hiyo tuliacha plani ya zamani ya kontabilite ya inchi yetu, tukafuata SYSCOHADA, yenye toleo lake jipya linatumika tangu tarehe 1 Januari 2018. Maana yake ni hii: konti 57 ni kese hapa Bukavu, na ni kese kule Dakar, Abidjan na Cotonou. Konti 52 ni banki, konti 401 ni wale wanaokuuzia vitu kwa deni. Inchi 17 zinasoma kitabu kimoja. Kijana wa Uvira mwenye kujua kazi hii kweli anaweza kufungua hesabu za kampani ya Douala na kuona wizi uko wapi. Ni nani alikwambia hiyo ulipokuwa unachagua?

Tena, kwa sheria ya tarehe 12 Februari 2015, inchi ilipata Ordre National des Experts-Comptables, yaani ONEC. Kuwa expert-comptable si kumaliza gradua ao lisansi tu na kuvaa kravati. Kuna njia, kuna staji, kuna mitihani, kuna kiapo, kuna kanuni za kazi, na mtu anaweza kuazibiwa akizivunja. Ule mtoto mwenye baba yake anasema « utafanya ku banki », ameisha kusikia neno ONEC? Tunasukuma watoto mu njia bila kuwaonyesha inaishia wapi.

Na tuongee Bukanga Lonzo. Mu 2014 walifungua pale shamba kubwa, wakasema litalisha Kinshasa. Zaidi ya dola milioni 200 za Leta zilipotea. Mahindi hatukuyaona. Ni nani alifunua? Si bunduki. Ni wakaguzi wa Inspection Générale des Finances walioketi na kusoma makaratasi: mikataba, fakture, hati za malipo. Mwezi wa Mei 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu waziri mkuu wa zamani, Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi za nguvu. Kila mtu aseme anavyotaka juu ya siasa ya hukumu ile. Sisi tunaangalia kitu kimoja: pesa kama ile haitoke mu kese ya Leta kwa miguu yake. Inatoka na karatasi. Kila karatasi iko na mtu aliyeiandika, mtu aliyeihakikisha na mtu aliyeilipa. Kati ya hao, watu waliosoma kontabilite hawakosekane. Masomo ni yaleyale: mmoja anayatumia kufunika shimo, mwingine anayatumia kulifunua.

Njo maana swali la nini kinamsukuma mwanafunzi kuchagua kontabilite si swali la mwalimu wa oriantasio peke yake. Ni swali la barabara zetu zenye mashimo, la hospitali bila dawa, la mwalimu anayengoja mushahara. Aliyefika pale kwa sababu ya sanduku, siku mukubwa atamwambia « nitengenezee fakture », atatengeneza. Alikuja kwa hiyo.

Mukubwa atasema hiyo siku moja, msidanganyike. Siku ile kumbukeni kifungu cha 28 cha Katiba yetu: hakuna mtu anayelazimishwa kutimiza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Kontable anapaswa kukijua kwa kichwa kuliko hata askari. Fakture ya uongo ni amri ya namna hiyo.

Tunasikia mnajibu: « Muko munaongea tu. Njaa haisome katiba. » Ni kweli. Tunajua kijana akikataa kutia sahihi anaweza kufukuzwa Ijumaa, na Jumatatu mwingine yuko kwenye kiti chake. Tunajua kuna pahali unalipa ili upate kazi, na mwenye kulipa dola ili aingie ataanza kwa kutafuta dola zake arudishe. Hatutaki kumwekea mtoto mmoja mzigo wa inchi nzima mgongoni. Kontable mwaminifu akibaki peke yake, atavunjika. Kwa hiyo tunawaomba muwe wengi, na tunaomba wenye mamlaka wabadilishe mambo.

Kama mnafikiri haiwezekane, wendeni soko. Angalieni mama zetu wa AVEC, wale wa akiba na mikopo. Sanduku lao liko na kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu. Mwenye kulinda sanduku hana funguo, mwenye kuandika haguse pesa. Pesa inahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, na kila mama anajua kiasi kilichobaki hata kama hajui kusoma. Hakuna profesere aliyewafundisha kutenganisha kazi za kese na kazi za kitabu. Walielewa kwamba pesa ya wote inalindwa na macho ya wote. Wengi wao wanalipa minervali ya watoto wao na mkopo wa sanduku lile, ili mtoto aende kusoma kontabilite. Aibu gani, mtoto yule akirudi na diploma na kujua kidogo kuliko mama yake!

Kwa hiyo tunaomba:

Kwa wazazi: badilisheni swali. Musiulize tena « kule kuna pesa? » Ulizeni « mtoto huyu, nikimuachia pesa ya nyumba mwezi moja, atanionyesha hesabu? » Kama hapana, musimpeleke pale. Mtatuumiza sisi wote.

Kwa shule za sekondari: mbele ya watoto kuchagua sehemu, waleteeni kontable wa kweli, anayefanya kazi, awaambie siku yake inapita namna gani, na amri gani aliisha kukataa. Saa mbili tu. Haiombe laboratware.

Kwa vyuo vyenye kufundisha biashara na uchumi: bandikeni hesabu zenu ku ukuta. Mnafundisha bilan miaka mitatu, lakini mwanafunzi analipa minervali, analipa staji, analipa sillabus, na haone hata siku moja bilan ya chuo chake. Zoezi la mwaka wa mwisho liwe hilo: wanafunzi wakague hesabu ya minervali yao wenyewe.

Kwa ONEC: mukaribie mikoa. Kijana wa Bunia ao wa Kalemie asione kazi hii kama mali ya Kinshasa.

Kwa Leta na ONG zote zinazoajiri: matokeo ya testi yatoke wazi, na majina na pointi. Kontable aliyeingia kwa mlango wa nyuma atafungua mlango wa nyuma.

Na kwa wewe mwenye diploma mkononi, unayesoma hii usiku, huku familia inangoja jibu lako: chagua kontabilite kama unakasirika ukiona hesabu isiyosimama. Kama neno « pesa imepotea » linakunyima usingizi mpaka ujue ilipitia wapi. Kama sivyo, kuna kazi zingine nzuri, na inchi inazihitaji zote: wenge wa umeme, wa maji, wa kulima, wa kutibu. Kujibu « hapana » kwa papa leo, na heshima yote, ni bora kuliko kujibu korti kesho.

Wale mutakaochagua, tuanze mara moja. Mutafutane kwa kila chuo. Mulete daftari ya komine, ya shule, ya kituo cha afya cha mtaa wenu, na muulize mbele ya watu: mlipokea ngapi, mlitumia ngapi, karatasi iko wapi? Tutasimama na ninyi.

Pesa ya wote, macho ya wote.