IMANI SI NENO LA MDOMONI

"Amini tu!" "Pokea muujiza wako!" Maneno haya yameandikwa kwenye mabasi, yamebandikwa kutani, nayo yatangazwa kwa vipaza sauti usiku na mchana. Hatuyapingi. Mnyonge aliyekosa dawa au kazi anayo haki ya kutumaini. Lakini yatupasa kuyapima maana yake.

Tarehe 1 Februari, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Marehemu hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa watu wenye shida walioitikia wito. Wito wenyewe ndio wa kupimwa. Neno "wako" humtuma kila mtu kukimbilia lililo lake, wala halimtaji jirani.

Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili. Imani ni kumtegemea Mungu, na imani ni huruma pia. Mtu mkatili twasema hana imani, hata kama hakosi kusali. Maana hizo mbili zimekaa katika neno moja, wala si vema kuzitenga.

Basi, viongozi wa dini wawaitao watu kwa maelfu wawafundishe maana zote mbili, na kabla ya kuwaita wahakikishe kwamba milango yatosha. Naye muumini, kabla ya kumwambia mwenziwe "Amini tu", na amwinue kwanza aliyeanguka mbele yake.