Mbuzi Tumemjengea Mteremko, Mtoto Je?

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mwenye duka, leo tuweke pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea. Nina jambo lingine, na najua baadhi yenu mtakasirika. Kasirikeni, lakini someni hadi mwisho.

Nenda kaangalie banda lako la mbuzi. Kama ulifuata ushauri, sakafu imeinuliwa kutoka ardhini, kinyesi kinadondoka chini, na mlangoni umeegemeza ubao uliopigiliwa vijiti vya kukingama ili mbuzi apande bila kuteleza. Hukungoja mfadhili. Hukuuliza kwanza ni mbuzi wangapi hawawezi kuruka. Na wewe mwenye duka, mlangoni kwako kuna mteremko wa zege, maana pikipiki lazima ilale ndani. Kwa hiyo mteremko tunaujua. Tunaujenga kila mwaka.

Sasa nenda kwenye uwanja wa watoto tuliouchangia pale shuleni.

Katika kijiji kimoja ninachohudumia, kila kaya ilitoa mchango. Tukanunua minyororo, tukasimamisha bembea nne, bao la kuteleza na ubao wa kupandiana. Siku ya kuuzindua palikuwa na ngoma na soda. Mama mmoja alisimama nje ya uzio na binti yake aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nikawasalimia, nikawaambia karibuni ndani. Mama akanijibu kwa upole: "Bwana shamba, mchango nilitoa sawa na wenzangu."

Hakuongeza neno. Nikaligeukia geti. Tulilifanya jembamba ili ng'ombe wasiingie. Ndani tulimwaga mchanga wa mtoni kila mahali, na gurudumu likizama kwenye mchanga huo halitoki. Aliyepigilia vigingi vya kupimia uwanja ule ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo ninapowasema ninyi, najisema na mimi.

Nisikilizeni vizuri. Binti yule hakuzuiwa na miguu yake. Alizuiwa na geti na mchanga, na vyote viwili tulivilipia sisi, mama yake akiwemo.

Najua mtakachosema, maana nimekisikia kwenye mikutano.

Mtasema hela hatuna. Geti pana na geti jembamba vinatofautiana kwa mbao chache. Kilicho ghali ni kuvunja na kujenga upya. Huwezi kuchimba msingi wa nyumba kisha ukakumbuka mlango siku ya kuezeka.

Mtasema watoto hao ni wachache. Nani aliwahesabu? Wengine wapo ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu kijijini hapana mahali pa kuwaleta. Tunawajengea mahali wasipoweza kufika, halafu tunasema hatuwaoni. Na wahenga walisema hujafa hujaumbika. Barabara yetu ya pikipiki mnaijua.

Mtasema wataumia. Mtoto gani hajawahi kuanguka kwenye bembea? Dawa ya kuanguka ni mchanga laini chini ya bembea na mtu mzima wa kuangalia, si kumfungia mtoto nyumbani.

Na wale wenye huruma mtasema tuwawekee bembea yao maalumu kwenye kona ile. Hoja hii naiogopa kuliko zote, kwa sababu inasikika kama wema. Mtoto hafuati chuma na mnyororo uwanjani, anafuata wenzake. Ukimweka peke yake kwenye kona, umemhamisha kutoka upweke wa nyumbani ukampeleka kwenye upweke wa hadharani, watu wote wakimtazama.

Wala usidhani ni hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja kwenye ibara ya 30 kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na watoto wengine. Mwaka mmoja baadaye tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo. Kilichobaki ni jembe, msumeno na saruji.

Basi tufanye hesabu, kama tunavyofanya shambani.

1. Geti. Nafasi ya kupita iwe sentimita 100. Ng'ombe mzuie kwa mlango wenye komeo, si kwa wembamba.

2. Njia. Kutoka getini hadi kwenye kila chombo, iwe na upana wa sentimita 120 na iwe ngumu. Udongo wa kichuguu, saruji kidogo, maji, kisha shindilia. Mama zetu wanasakafia nyumba hivyo. Mchanga laini ubaki chini ya bembea tu.

3. Mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, urefu uwe sentimita 12. Jukwaa la sentimita 30 linataka mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ule wa banda la mbuzi ni mkali mno kwa kiti cha magurudumu, kwa hiyo usiunakili. Weka kingo pembeni na mahali pa kushika.

4. Bembea. Laza tairi chakavu la lori, lisuke kamba katikati kama wavu, lining'inize kwa minyororo minne. Asiyeweza kukaa wima atalala humo, na wenzake wawili watapanda naye. Usitumie tairi lenye nyaya zilizochomoza. Ukilitoboa matundu kwa chini, maji hayatatuama na mbu hawatazaliana.

5. Meza ya mchanga. Sanduku la mchanga juu ya miguu, chini yake pawe wazi sentimita 65 hadi 70 ili magoti ya aliyekaa kwenye kiti yaingie. Wengine watasimama kuizunguka. Wote watajenga nyumba moja.

6. Sauti na mguso. Pipa la kupiga, mabati ya kugonga, kamba yenye mafundo ya kufuata kwa mkono. Asiyeona atajua alipo, na kiziwi ataisikia ngoma kwa viganja vyake.

7. Kivuli. Jua linamuunguza mtoto mwenye ualbino, na linaweza kumletea saratani ya ngozi. Panda mwembe au mwarobaini sasa hivi, na wakati inakua funga turubai. Bao la kuteleza la bati nalo liwe kivulini, maana saa saba mchana linamchoma mtoto yeyote.

Angalieni orodha hiyo tena. Hakuna kitu cha kuagiza ng'ambo. Fundi seremala yupo, tairi lipo, kichuguu kipo. Na kila kilichomo kinawafaa wote: bibi anayemleta mjukuu, mjamzito, mtoto anayejifunza kutembea.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ukifika wakati wa kuzungumzia michango ya shule, simama uulize swali moja kabla fedha haijatoka: "Hapa nani hataweza kucheza?" Halafu nyamaza, usubiri jibu. Waiteni wazazi wa watoto hao wasimame na fundi wakati wa kupima, kwa sababu wao wanajua kiti kinakwama wapi kuliko mimi na wewe.

Pale kijijini tumeanza na geti. Tulilibomoa Jumamosi moja asubuhi, tukalijenga upya kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo kazi tuliyosema hatuna fedha nayo. Njia ya kichuguu inafuata tukishavuna, na safari hii kamba ya kupimia haitakuwa mkononi mwangu. Itashikwa na mama yule.