Fedha za Nishati Safi na Fundi Mdogo



Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Siku sita baadaye, huko Paris, mataifa na makampuni yaliahidi dola za Marekani bilioni 2.2 kwa ajili ya upishi safi barani Afrika, na Rais wetu alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano huo. Tunalipongeza jambo hilo kwa moyo wote. Mama anayepuliza kuni katika jiko lisilo na dirisha, mtoto akiwa mgongoni, anavuta moshi unaomdhuru polepole, yeye na mwanawe. Lakini sisi wa Haki na Amani hatuna budi kuuliza swali jingine: fedha hizi zikishatoka, zinapita mikononi mwa nani?

Sehemu ambayo wengi wetu tumeiona kwa macho ni ruzuku ya mnunuzi, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa bei nafuu. Ni msaada wa kweli. Hata hivyo, mtungi ukiisha, anayeujaza ni kampuni kubwa, na gesi yenyewe huja kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa upande mwingine, shirika la madini la taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa uitwao Rafiki kutokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Msitu unapata nafuu hapo, ingawa makaa ya mawe hayatakasiki kwa kubadilishiwa jina.

Katikati ya hao wakubwa yupo mdogo ambaye hatajwi sana. Tunamfahamu, kwa kuwa tunasali naye katika Jumuiya. Ni akina mama watano wanaokusanya vifuu, magunzi, pumba za mpunga na vumbi la mkaa. Wanachoma taka hizo ndani ya pipa lenye hewa kidogo, wanasaga, wanachanganya na uji wa muhogo ili zishikane, wanashindilia kwa mashine ya mkono na kuanika juani. Ni vijana wa gereji wanaofunga mifumo ya gesi asilia katika bajaji na teksi. Gesi hiyo ni yetu. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na dereva anayeitumia huona tofauti mfukoni mwake jioni ileile.

Watu hawa hawakosi ufundi. Wanachokosa ni fedha ya kujaribia. Mchanganyiko wa kwanza wa mkaa hubomoka. Wa pili hutoa moshi kuliko kuni. Wa tatu huenda ukafaa. Kisha lazima upimwe, upewe alama ya ubora, ufungashwe. Masika ikifika havikauki vipande vile, na kazi husimama wiki nyingi. Kwa fundi wa bajaji kosa ni zito zaidi, kwa maana gesi ya magari hukaa katika mtungi kwa mgandamizo wa takriban mara 200 ya hewa tunayovuta. Hapo hapafai mtungi wa kubahatisha wala fundi aliyejifunza kwa kuchungulia. Mafunzo, vipimo na vifaa halali vina gharama, na gharama hiyo hutangulia mapato.

Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, na nchi nyingi hazina mfano wake. Lakini mkopo, hata usio na riba, ni deni. Humfaa anayenunua vitunguu leo na kuuza kesho. Anayetafuta mchanganyiko ambao bado haujapatikana atalipa marejesho kwa kitu gani? Ndiyo maana tunasema kwamba kwa kazi za nishati safi sehemu ya kwanza, ile ya kujaribu na kupima, iwe ruzuku. Mkopo ufuate bidhaa ikishathibitishwa. Kanuni ya auni katika Mafundisho ya Jamii ya Kanisa hudai hivyo hasa: mkubwa amwezeshe mdogo kufanya analoliweza, asimnyang'anye wala asimwache peke yake. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alivitaja kwa sifa vyama vya ushirika vinavyozalisha nishati kwa mahitaji ya mahali pao.

Tuseme na upande wa pili, maana haki haina upendeleo. Mwezi Aprili 2023 mikopo hiyo ilisitishwa baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirudishwa mwaka uliofuata. Vikundi hewa havikuundwa na malaika. Waliogonga mihuri, waliotia saini na waliogawana walikuwa wana wa nchi hii, na baadhi yao bila shaka hupokea Komunyo pamoja nasi. Walipochota, aliyefungiwa mlango ni yule mama wa magunzi ambaye hakuwa amekopa hata senti.

Na sisi wenyewe je? Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Seminari, shule za bweni na hospitali za Kanisa zimo katika hesabu hiyo. Tukikimbilia msambazaji mkubwa wa mjini kwa sababu ana risiti nzuri, tutakuwa tumehubiri jambo moja na kununua jingine. Mkataba wa mwaka mmoja na kikundi cha parokia, kwa bei ya haki na ubora uliopimwa, ni dhamana ambayo afisa wa mikopo ataielewa haraka kuliko barua ya Paroko.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za parokia, kabla ya Majilio, ziorodheshe vikundi vinavyofanya kazi hizi, ziwasaidie kuandika katiba na andiko la mradi, na ziwasindikize kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Diwani naye aulizwe hadharani, kwa heshima, ni kiasi gani cha ile asilimia 10 kilitolewa mwaka jana, na kwa nani.