Kudra si Kichaka cha Uzembe

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Liko neno ambalo limekuwa jepesi mno katika ndimi zetu. Likitokea janga, hata kabla maiti hawajazikwa, twasikia: "Ajali haina kinga, ni kudra ya Mungu." Kuamini kudra ni nguzo katika nguzo za imani, wala hapana Mwislamu awezaye kuikana. Lakini mwezi huu twataka kuuliza: mtu aliyeliona dhara likija, akalifungulia mlango kwa mkono wake, je, aweza kusema hahusiki kwa kuwa yote yameandikwa?

Na tutazame msiba tuujuao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika bahari ya Nungwi. Idhini yake ilikuwa ya abiria wasiofika 700. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba waliopanda walizidi 2,000, mbali na shehena. Nyumba nyingi za Pemba zililia. Hatudhani kuwa yuko aliyetaka watu wafe. Lakini chombo kikijazwa mara tatu ya kiasi chake kisha kikazama, tutasema hilo lilikuwa jambo la ghaibu? Hata mtoto achezaye na ngalawa ya kifuu ajua kwamba akizidisha kokoto itazama.

Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Katika fikihi ya Imamu Shafi, mtu akichimba kisima katika njia nyembamba, kikawa chawadhuru wapitao, kisha mpita njia akatumbukia akafa, mchimbaji ana dhamana. Hakumsukuma mtu, huenda saa hiyo alikuwa amelala nyumbani kwake. Lakini kisima ni chake, na njia aliijua kuwa hupitwa na watu. Basi iko wapi tofauti baina ya kuchimba kisima njiani na kumkatia tiketi mtu wa elfu katika chombo cha watu mia saba?

Mwengine husema: "Aliyeandikiwa kufa baharini atakufa tu." Jawabu la neno hili alikwisha kulitoa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.). Alikuwa safarini kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia huko. Alipoazimia kurudi pamoja na watu wake, Abu Ubaida (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kudra ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia kudra ya Mungu na kuiendea kudra ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: upande wowote atakaowalisha, amewalisha kwa kudra. Basi kuchagua upande wenye malisho si kuikana kudra. Ndiyo kazi tuliyopewa akili kwa ajili yake.

Na tusidhani kuwa maneno haya yawahusu wenye meli peke yao. Katika nyumba zetu mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, yakawekwa mvunguni. Mtoto akiyanywa, twasema ni ajali. Jiko la mkaa huingizwa chumbani wakati wa baridi, mlango na madirisha yakafungwa. Hewa yake ya sumu isiyo na harufu ikiwaua waliolala, twasema siku zao zimefika. Siku zimefika kweli, lakini aliyetia mafuta katika chupa ya kunywea ataulizwa juu ya chupa ile.

Hatusemi kwamba mtu ataulizwa kwa kila litokealo baada ya tendo lake. Chombo kizima, chenye watu wa kiasi chake, kikivunjwa na dhoruba isiyotazamiwa, nahodha hana lawama. Hapo ndipo mahali pa kusema ni kudra, tukasubiri.

Ndugu zetu, Sura Yasin twaisoma sana juu ya maiti wetu. Aya yake ya 12 yatufahamisha kwamba huandikwa yale waliyoyatanguliza watu, na pia athari zao walizoziacha. Basi na tuisome kwa ajili ya walio hai vilevile. Mwenye kukata tiketi na ajiulize kabla hajaikata. Mzazi na aitazame chupa kabla hajaiweka chini. Na msafiri aliyefika ngazini akaona chombo kimejaa, na arudi, amrudishe na mwenzake. Kuchelewa siku moja si hasara mbele ya roho ya mtu.

Wabillahi tawfiq.