Mtoto Hana Haja na Tasnifu Yako

Nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya kata, nasubiri barua ya utambulisho, mama mmoja akaingia na binti yake. Binti wa darasa la sita hivi, sare imepigwa pasi, macho sakafuni. Mtendaji hayupo. Afisa ustawi wa jamii yuko kwenye semina. Aliyekuwepo ni kijana wa fildi, mwaka wa tatu, kitambulisho cha chuo shingoni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nimekuja na jambo zito." Akalieleza kwa sauti ya chini ambayo benchi zima tuliisikia. Jirani. Juzi jioni. Kijana akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni, akafungua mkoba na kutoa karatasi. Nikadhani ni fomu ya kumpeleka mtoto hospitali. Kumbe ni dodoso. Anafanya utafiti kuhusu ukatili dhidi ya watoto, akasema, na je, mama angekuwa tayari kumjibia maswali machache?

Aliyemwokoa yule mama ni fundi baiskeli, mzee aliyekuja kugongewa muhuri. "Mama, mpeleke mtoto hospitali ya wilaya sasa hivi, pale kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono. Polisi utawakuta palepale, na fomu yao ya PF3 utapewa. Nguo alizovaa siku ile usizifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo." Hajasoma chuo chochote. Yalimkuta nyumbani kwake, ndiyo maana anajua.

Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Toka juzi jioni hadi asubuhi ile, nusu ya muda huo ilikuwa imeshaliwa na woga, aibu na foleni yetu. Nusu iliyobaki tukataka kuilisha dodoso.

Sina ugomvi na kijana yule. Alifanya kile alichofundishwa, tena kwa adabu. Ugomvi wangu ni na waliomfundisha. Vyuo vyetu vinavyotoa shahada za ustawi wa jamii, haki za mtoto na sera zake vimemgeuza mtoto kuwa mada. Mwanafunzi anafundishwa kumwandika mtoto, kumhesabu, kumweka kwenye jedwali, kumfanyia hitimisho na mapendekezo. Kumtetea ni kazi nyingine, na hiyo wameiachia mafundi baiskeli.

Msinielewe vibaya kwamba nadharau utafiti. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto wa kike na wa kiume kwa pamoja, mwaka 2009, na matokeo yakatolewa 2011: takribani wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu ile ilipaswa kutunyima usingizi. Sasa niambieni, baada ya kujua hivyo, tasnifu ya kurasa sitini kutoka kata moja, inayogundua tena kwamba "umaskini ni miongoni mwa sababu", inamsaidia nani? Inamsaidia mwenye nayo kuvaa joho.

Na imeandikwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo hasira inaponipanda hadi utosini. Mtoto atasema kwa Kiswahili, au Kisukuma, au Kigogo. Mama atalia kwa lugha hiyohiyo. Tangu 2021 sheria yetu inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Katikati ya hao wote tunamweka mtaalamu aliyejifunza kila neno la kazi yake kwa lugha ambayo hakuna atakayeisema chumbani humo. Mwambie akueleze "maslahi bora ya mtoto" mbele ya bibi anayetaka kuyamaliza mambo kifamilia, uone atakavyogugumia. Bibi anajua kuongea. Ana methali, ana machozi, ana mjomba wa mtuhumiwa pembeni mwenye bahasha. Msomi wetu ana fasili tatu za ustawi na mwaka zilipochapishwa.

Twende mahakamani, maana huko ndiko uzembe wetu unakolipiwa. Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa 2016. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima kwanza aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, na ahadi hiyo iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Jambo dogo, sentensi moja. Lakini Mahakama ya Rufani imewahi kuutupa ushahidi wa mtoto kwa sababu sentensi hiyo haikuonekana kwenye kumbukumbu, na mtu aliyekwisha kufungwa kwa ubakaji akatoka. Mtoto alikuwa ameshasimama, ameshasema mbele ya watu wazima wasiomjua yale ambayo mtu mzima angeshindwa kuyasema. Yakafutwa. Hakukuwa na mtu chumbani wa kunyanyua mkono na kusema: mheshimiwa, mtoto hajaahidi. Hakimu ana lawama yake, na mwendesha mashtaka ana yake. Lakini mtetezi wa mtoto alikuwa wapi? Muulize mhitimu yeyote wa fani hii kuhusu ahadi hiyo. Mimi nimewauliza wanne. Mmoja alidhani namuuliza habari za skauti.

Hiyo ni kwa mtoto mmoja mmoja. Kwenye sera, ambako vyuo vinadai ndiko nyumbani kwao, ukimya ni mzito zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Wanafunzi wetu wanasoma sheria zote mbili katika muhula mmoja, wanaandika insha kuhusu "mkinzano", wanapata alama B, basi. Aliyekwenda kuzigonganisha Mahakama Kuu ni mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 akashinda, serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 ikashindwa tena. Miaka ikafuatana, vifungu vikabaki palepale. Nani alilisumbua Bunge mwezi baada ya mwezi? Maprofesa wa ustawi wa mtoto, wenye ofisi na mishahara ya umma?

Na mwaka 2017, ilipotangazwa kwamba binti akipata mimba asirudi shule, mimi nilitega sikio kusikia idara moja, moja tu, ikisema kwa sauti ya kitaaluma kwamba hilo linamwadhibu mtoto kwa kosa la mtu mzima. Sikusikia kitu. Katazo lilipoondolewa Novemba 2021, ghafla kila mtu alikuwa amelipinga siku zote. Makongamano yakaitishwa. Chai ikanyweka.

Najua utetezi utakaokuja: fedha hazitoshi, wahadhiri ni wachache, fildi ni ya wiki chache, na wahitimu wenyewe ajira hawaoni wakati kata nyingi hazina afisa ustawi. Ni kweli yote. Lakini kumtuma mwanafunzi akaketi Mahakama ya Watoto badala ya kupika chai ya mtendaji hakuhitaji bajeti mpya. Kufundisha kwa Kiswahili kozi ya kuongea na mtoto aliyeumizwa hakuhitaji mfadhili. Kuwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku ya kwanza, kwamba namba 116 ni simu ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto, kunachukua sekunde tano.

Mimi ningefuta tasnifu kabisa kwenye shahada hii ya kwanza. Badala yake kila mwanafunzi akabidhiwe shauri moja, chini ya msimamizi, kwa siri inayostahili, alifuate toka dawati la polisi hadi hukumu: aone jalada linavyopotea, shahidi anavyonunuliwa kwa ng'ombe wawili, mama anavyokosa nauli ya kurudi mahakamani mara ya tano. Asipoweza kulimaliza kwa sababu kesi imeahirishwa mno, aandike hivyo, naye atakuwa ameshaielewa sera ya nchi yake kuliko mwalimu wake.

Wakikataa, na watakataa, basi nawaomba watahini jambo moja. Siku mwanafunzi anapokuja kuitetea tasnifu yake, msimuulize habari ya sampuli wala ya mkabala wa nadharia. Mfungulieni ukurasa ule alipomnukuu binti wa miaka 13 aliyemwambia alichotendewa, kisha mmuulize: huyu mtoto yuko wapi leo, na ulipotoka pale ulimwambia nani? Asipojua, joho asipewe.