Mchezo Ulio Kimya Haujapoteza Sauti

Mchezo wa kompyuta wa miaka ya 1990 ukifunguliwa leo ndani ya programu inayoiga mashine ya zamani, mara nyingi picha huonekana lakini sauti haisikiki. Watu husema, "Sauti imeharibika." Mimi nasema haijaharibika, inaita mahali ambapo hakuna wa kuitika. Tofauti hiyo inatuhusu sana sisi wa Kitivo cha Lugha.

Kwetu Makobola, kando ya Ziwa Tanganyika kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, michezo husafiri kwa flashi kutoka kompyuta moja ya mtumba hadi nyingine, tena bila maelezo yoyote. Tuchukue Doom, mchezo wa 1993, ukichezwa ndani ya programu ya DOSBox. Sehemu yake ya matayarisho huuliza maswali mawili mbalimbali: muziki utapigwa na kadi gani, na milio itatolewa na kadi gani. Kwa kadi ya Sound Blaster hutaka pia anwani, namba ya IRQ ambayo kadi huitumia kuiita prosesa, na njia ya DMA ya kupitishia data. DOSBox isipobadilishwa hutumia 220, 7 na 1. Mchezo ukiwa umepangiwa IRQ 5, muziki unaweza kusikika vizuri huku bunduki na milango vikiwa kimya, kwa sababu muziki unaopigwa na chipu ya kadi hauhitaji IRQ hiyo. Weka 7 pande zote mbili, milio inarudi. Hakuna kilichotengenezwa upya. Pande mbili zimeelewana tu.

La pili ni zito zaidi. Muziki wa Doom haukuhifadhiwa kama rekodi. Faili lina maagizo: noti ipi, ala ipi, kwa muda gani. Sauti yenyewe huzaliwa kwenye kadi, na kadi nyingine huizaa kwa namna nyingine. Anayetunza faili bila kutunza ujuzi wa kulipa sauti ametunza nusu.

Sasa tutazame kazi zetu wenyewe. Kibembe ni lugha ya toni, Kiswahili sicho. Hadithi ya Kibembe iliyoandikwa bila alama za toni inafanana na lile faili la noti: mwenye lugha huisoma ikasikika, mgeni huipiga kwa ala isiyo yake. Wapo wanaoshikilia kwamba maandishi yanatosha, kwa kuwa tasnifu hupimwa kwa kurasa. Hoja hiyo inamfaa msahihishaji. Haimfai mjukuu atakayetaka kusikia.

Ndiyo maana tunarekodi. Lakini simu nyingi za vitufe hurekodi kwa muundo wa AMR, wenye sampuli 8,000 tu kwa sekunde. Toni hubaki, ila s na f huweza kuchanganyika. Faili likihamishiwa kwenye kompyuta isiyoujua muundo huo, hukataa kufunguka, na watu husema tena, "Limekufa." Halijakufa, limekosa wa kuitika.

Kwetu gharama ya kulitupa ni kubwa. Mauaji ya Makobola ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 yalikatisha maisha ya wengi waliokuwa na ya kusimulia, na vita vya miaka ile viliwavusha wengine ziwa hadi Kigoma. Mzee aliyesimulia mara moja huenda asipatikane kusimulia tena.

Napendekeza kitivo kisipokee mkusanyo wowote wa masimulizi bila vitu vitatu: faili la asili bila kuguswa, nakala ya WAV, na ukurasa mmoja unaotaja kifaa kilichorekodi, muundo wa faili, programu iliyolifungua, lugha ya msimulizi na ruhusa aliyoitoa. Nakala ya WAV haitaongeza kile ambacho simu haikunasa, lakini itafunguka kwa urahisi zaidi. Kisha kila mwaka wanafunzi wawili wapewe kazi ya kufungua mafaili yote na kuyasikiliza, si kuyahesabu tu. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya. Inahitaji kompyuta moja, spika, na watu wanaokataa kuuita ukimya kifo kabla ya kukagua mipangilio.