Elfu Sitini, na Anakula Bure?

Leo wengine mtanuna. Nuneni, kisha msome tena.

Juzi alikuja dukani kwangu bi harusi kupima gauni. Alikuja na wifi yake, wifi kaja na mtoto, na mtoto kabebwa na binti aliyesimama mlangoni muda wote, karibu saa mbili. Nilipompelekea kigoda wifi akacheka: "Mwache, kazoea." Basi mazungumzo yakahamia kwa mayaya. Namlipa elfu sitini kwa mwezi, akasema wifi, anakula bure, analala bure, sasa wanataka nini tena?

Gauni lilikuwa laki nne. Hakuna aliyeguna.

Mimi ni fundi, kuhesabu ndiyo kazi yangu. Yaya anayelala nyumbani huamka saa kumi na moja alfajiri, anapumzika saa tatu usiku mtoto akilala, kama atalala. Hizo ni saa 16. Kwa siku 30 ni saa 480. Gawa elfu sitini, unapata shilingi 125 kwa saa. Kupinda gauni nachukua shilingi 3,000, kazi ya nusu saa. Yeye, kuipata 3,000 hiyo, anafanya kazi siku moja na nusu. Tena huyo ndiye unayemwachia mwanao ukenda zako kazini! Dhahabu yako unaifungia kabatini na ufunguo unao wewe, mtoto unampa mtu wa shilingi 125.

Na hicho chakula "cha bure" nani anakipika?

Sijitoi. Nilipoanza biashara nilimwambia yaya wangu asubiri kidogo, wateja hawajalipa. Akasubiri wiki tatu. Wiki hizo hizo mimi nilinunua vitambaa vya Sikukuu. Yaani nilijikopesha pesa zake bila kumuuliza. Siku alipokuja kwa aibu kuomba nauli ya boti, mama yake anaumwa Pemba, ndipo nilipoona haya. Aliomba mshahara wake mwenyewe kama anaomba sadaka.

Mafunzo tunayajua. Kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, tunaiweka hadithi hiyo kwenye stetasi bosi akituchelewesha sisi. Ipo nyingine, katika Sahihi Bukhari, inayonitia khofu zaidi: miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, yumo aliyeajiri mtu, akaipata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Hajatajwa mlevi wala mwizi pale. Katajwa mwajiri. Na masheikh wetu wanatufundisha kwamba katika kuajiri, ujira na kazi vijulikane tangu mwanzo. Sasa wewe umemchukua binti kwa maneno ya "njoo tu, hatutashindwana", umempa kulea, kesho kufua, keshokutwa kumpikia mama mkwe na wageni kumi. Mlikubaliana lini?

Wapo wanaosema, "mimi naye ni kama mwanangu." Haya. Mwanao anakwenda skuli na chuoni, yeye je? Mwanao akivunja kikombe unamkata pesa? Ramadhani anasonga, anakaanga, anapanga meza, kisha adhana ya magharibi inamkuta jikoni anamlisha mtoto wako uji, nyinyi mmeshafika kwenye tambi. Na kama "mwanao" huyo ana miaka 13, usimwite yaya. Ni mtoto uliyemtoa skuli akulelee mtoto.

Lakini linalonichoma hasa ni la Oman. Sote tuna ndugu au jirani aliyekwenda kufanya kazi za ndani Maskati. Akipiga simu kuwa pasi imechukuliwa na bosi, mshahara haueleweki, halali, tunalia na kuwalaani Waarabu. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima juu ya wanawake wa Kitanzania wanaoteswa huko, tukaisambaza. Kisha wewe hapa hapa Unguja umemfichia binti wa watu simu yake eti asizungumze na wanaume, na mshahara wake "unamwekea". Una tofauti gani na bosi wa Maskati? Yeye angalau ana kiyoyozi.

Kuna mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 189 wa mwaka 2011, juu ya wafanyakazi wa majumbani. Unataka wapate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Nikilisema hili naambiwa ni mambo ya Kizungu. Lakini harusi za keki ya ghorofa tano hatukusema ni za Kizungu.

Mabi harusi, nyinyi ndio nawalenga, maana bado hamjaanza vibaya. Mkikaa na bwana kupanga kodi na fanicha, pangeni na mshahara wa yaya. Kama hamuuwezi, msimchukue. Andikeni kikaratasi: kazi gani, kiasi gani, tarehe gani, siku ipi ni yake. Mtumieni kwenye namba yake mwenyewe, si ya mjomba aliyemleta.

Wangu sasa anapumzika Ijumaa, kutwa nzima. Siku hiyo duka nafunga saa sita, mtoto niko naye mimi. Wateja wawili watatu wamenikimbia kwa hilo. Sawa tu, waende.